Kuosha Jiko la Hadija

Watu wasiotujua wakitukuta tumeketi pamoja, mimi na Zaina, hudhani sisi ni ndugu wa tumbo moja, na wengi hunipa mimi udogo, kwa kuwa yeye amenenepa na anatembea kwa fimbo, na mimi bado nina miguu ya watu wa milimani. Siku hizi hatuwasahihishi. Kwenye arobaini ya mume wangu, Mzee Athumani, shehe mmoja kijana aliyetoka Korogwe alimpa Zaina pole ya kufiwa na mume, akanigeukia mimi akanipa pole ya shemeji. Zaina aliipokea kwa adabu zote, akainamisha kichwa, kisha tukaingia chumbani tukafunga mlango tukacheka mpaka tukalia tena. Marehemu alikuwa baba yake. Mimi ni mke wa baba yake. Nilipoingia katika nyumba yao ya Mnyuzi nilikuwa na miaka ishirini, naye alikuwa anakimbilia kumi na nne. Jioni ile ya arobaini, wajukuu walipokwisha kuosha masufuria, tulikaa wawili kwenye mkeka tukaanza kuutaja mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile, na tukakuta kwamba yale ninayoyakumbuka mimi siyo anayoyakumbuka yeye, isipokuwa ukuta. Ukuta tuliukumbuka sawasawa.

Habari za kwetu Bungu, kule milimani, za wazazi na za posa, nitaziacha, maana ni nyingi na hazinisaidii hapa. Nilishuka Mnyuzi mwanzoni mwa kiangazi, miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakati redio ya Athumani ilipokuwa ikizungumza ujamaa asubuhi na jioni, na wenzake wa gengi la reli wakibishana juu yake barazani kwetu huku wakinywa chai. Nilikuja na sanduku la bati na mablanketi mawili mazito ambayo joto la Mnyuzi lilinifanya niyaonee aibu. Nyumba aliijenga Athumani mwenyewe, ya matofali ya kuchoma na paa la bati, karibu kabisa na stesheni. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule nyembamba. Mimi na mume wangu tulilala chumba cha mbele, watoto watatu walilala cha nyuma: Zaina, mdogo wake Juma, na Sefu ambaye alikuwa ameanza kusema maneno yake ya kwanza na kila mwanamke aliyempa chakula alimwita mama. Upande unaotazama reli kulikuwa na jiko. Majiko ya watu wengine yalikuwa vibanda uani, lakini hili lilishikana na nyumba, lilipigwa lipu kama sebule, na lilikuwa na dirisha pana. Marehemu mke wa kwanza, Hadija, ndiye aliyelitaka hivyo, ili asikie treni ingali mbali akapata nafasi ya kutoka na sinia lake.

Hadija alikuwa akiwakaangia abiria. Pale Mnyuzi njia ya reli inagawanyika, na zamani zile treni ilisimama muda wa kutosha mtu kula kitu dirishani. Aliuza bajia za kunde, maandazi, na samaki wa Mto Pangani, perege na kambare. Nilisikia habari za bajia zake kabla sijasikia habari zake mwenyewe. Alifanya kazi hiyo tangu alipoolewa hadi alipofariki akimzaa Sefu, na miaka yote hiyo moshi wa kuni na mvuke wa mafuta vilikuwa vikipanda ukutani. Ukuta ulikuwa umevaa ngozi. Nyuma ya mafiga ngozi hiyo ilikuwa nene na nyeusi, inang'aa kama lami iliyopata jua, na ukiibonyeza kidole kinaacha alama. Juu zaidi ilikuwa ya kahawia, imenasa vumbi, nyuzi za katani zilizopeperushwa na upepo, mabawa ya kumbikumbi wa miaka iliyopita. Kwenye boriti yalining'inia matone yaliyoganda. Tangu msiba hakuna aliyepika mle. Athumani alikuwa amenijengea kibanda uani, na mlango wa jiko ulifungwa kwa kipande cha waya.

Zaina hakunitukana hata siku moja, na ningependa hilo lijulikane. Asubuhi alipiga goti nusu akasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba huku nikijiona mtoto anayecheza mchezo wa watu wazima. Baada ya hapo hakusema na mimi mpaka asubuhi nyingine. Akitaka kitu alimtuma Juma. Chakula changu alikionja tu. Mimi nilijua makande na ndizi, wao walizoea ugali wa muhogo na mlenda, na nilipojifunza kuupika mlenda uliteleza kuliko inavyofaa, nikawasikia nje ya kibanda Juma akisema kwamba umezidi maji na dada yake akimnyamazisha, akimwambia ale tu, mwenye nyumba ni huyo sasa. Nilisimama na mwiko mkononi. Hayo maneno hayakuwa matusi, lakini nilishindwa kuyala, nikashindwa kuyatema.

Muda si mrefu Zaina akavunja ungo. Aliyeniambia ni Mama Bakari, jirani yetu, ambaye zamani alikuwa akiuza uji kando ya sinia la Hadija na ndiye ambaye binti alimkimbilia. Nilimwambia Athumani tukinywa chai ya asubuhi. Alilizungusha bakuli mikononi, kwa kuwa mambo hayo si ya baba, kisha akasema haifai tena alale chumba kimoja na Juma, na kwamba nyumba ina chumba kimoja kisicho na mtu. Tulitazama wote wawili ule mlango uliofungwa kwa waya. Akasema atanunua chokaa Korogwe, jiko lipakwe, liwe chumba cha binti. Nilifurahi. Nilidhani Zaina naye atafurahi, msichana gani asingetaka chumba chake mwenyewe? Baba yake alipomweleza jioni aliitikia ndiyo baba, akambeba Sefu mgongoni, akatoka akaenda kukaa kwa Mama Bakari mpaka chakula kikapoa.

Athumani alileta chokaa, akapaua panapovuja, kisha gengi lao likapelekwa kambini kwenye njia ya kuelekea Ruvu, akawa anarudi mara chache kwa mwezi. Kazi ikaniangukia mimi. Nilifungua waya. Nilifagia masizi ya juu kwa ufagio wa minazi, nikaloweka chokaa, nikapaka jiko zima kwa siku moja nikiwa nimejifunga kanga kichwani, na jioni nilisimama mlangoni nikautazama weupe ule kama mtu aliyeshinda mtihani. Asubuhi yake ukuta ulikuwa umetokwa na madoa ya manjano kama ya chai. Kufika adhuhuri chokaa ilianza kujikunja kama magome ya mpera, ikawa inaanguka vipande vipande, na chini yake ngozi nyeusi ilikuwa palepale inang'aa. Nilichota chokaa nyingine nikarudia. Ikashika muda mfupi hata kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimepiga magoti nikiokota vipande hivyo sakafuni, uso na nyusi vimejaa unga mweupe, nikasikia mtu anacheka.

Zaina alikuwa amesimama dirishani na vitabu vya shule. Sikuwahi kumsikia akicheka. Alijaribu kujizuia kwa kiganja akashindwa, na mimi, badala ya kukasirika, nikajipangusa uso na kuuchafua zaidi, naye akacheka tena. Kisha akaviweka vitabu dirishani.

"Mama naye alijaribu," akasema. "Ilianguka hivyo hivyo."

Aliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia mle tangu msiba. Hakutazama ukuta, alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akapeleka mkono juu ya boriti ya pembeni, akashusha mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na magadi, yameshikana kuwa jiwe moja. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiyakwangua magadi yale kwa kucha, kwamba mama yake aliuchukia sana ukuta ule. Wageni wakija aliufunga mlango. Alipopaka chokaa ikaanguka alikaa chini akalia, kisha akauliza huku na huku mpaka akaambiwa kwamba mafuta hayafunikwi, lazima yatolewe kwanza, na kinachoyatoa ni maji ya moto na magadi. Akanunua magadi. Lakini wakati huo alikuwa na mimba ya Sefu, amechoka, akamwambia Zaina asubiri, akishajifungua na kutoka arobaini wataifanya kazi hiyo wawili, mama na binti yake, na jiko litakuwa jeupe hata bibi harusi ataweza kuvalishwa mle. Zaina akasema kwamba kila aliponiona na ule ufagio alitamani ninyang'anywe.

Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba anayalinda masizi ya mama yake. Nilikuwa nimejiandaa hata kumwambia maneno ya kumtuliza juu ya hilo. Kumbe alichokuwa anakilinda ni ile kazi. Nilimuuliza kama atanikubali nimsaidie, nikatumia neno hilo hilo, nimsaidie. Alifikiri. Akasema maji yachemke kwanza.

Tulifanya kazi ile alasiri, akirudi shule, na siku za mapumziko kutwa nzima. Kwanza tulikwangua. Nilikuwa na kisu butu, yeye alikuwa na kipande cha jembe lililokatika, na tulikwangua kutoka juu kwenda chini, ngozi ikatoka kwa mikunjo mizito ambayo Juma aliikusanya kwenye debe na kwenda kuwashia moto, na ikawaka kweli, kwa moshi mweusi uliowafanya majirani wakohoe. Kisha tukaponda magadi, tukayayeyusha kwenye maji ya moto, tukayapaka kwa vipande vya gunia na kuyaacha kidogo yafanye kazi. Palipokuwa pagumu tulisugua kwa singa za katani zilizofungwa pamoja, hizo hazikukosekana, mashamba ya mkonge yalituzunguka kila upande. Maji yaliteremka ukutani ya kahawia kama mchuzi. Tulisuuza, tukabadilisha maji, tukarudia. Tukipumzika tulirusha maji safi ukutani kwa kiganja: yakijikusanya kuwa matone na kuteleza, mafuta yangali yapo; yakitanda na kunywewa na ukuta, pale pamekwisha. Sefu aliupenda mchezo huo kuliko michezo yote na alitulowesha kila mara.

Ninapokumbuka sasa, naona kwamba watu wawili wanaosugua ukuta mmoja hawatazamani usoni, na labda ndiyo sababu tuliweza kuzungumza. Aliniuliza kama Bungu kuna baridi kweli ya kufanya watu watoe moshi mdomoni. Aliniuliza kama niliolewa kwa kupenda. Nilimjibu yote. Yeye hakusema mengi juu ya mama yake, ila vitu vidogo vilimponyoka: kwamba samaki hawakaangwi mpaka mafuta yanyamaze, kwamba mlenda huwekwa chumvi mwishoni. Siku aliyosema hilo mlenda wangu ulisimama, na Juma akaomba kuongezwa. Wakati fulani katika siku hizo Zaina alianza kuniita mama mdogo. Hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka ilikuwa lini.

Magadi yalitula mikono. Vidole vyangu vilipasuka mpaka nikawa siwezi kukunja ngumi, maana sikujua kwamba inafaa kujipaka mafuta kabla na si baada. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kizingitini nimetandaza viganja juani, Zaina akaja na kichupa cha mafuta ya nazi. Alichukua mkono wangu bila kuniuliza, akauweka pajani kwake, akaupaka kidole kimoja kimoja kama anavyopakwa mtoto mchanga. Nilikuwa sijaguswa na mtu kwa upole namna ile tangu nilipotoka kwetu, ukimwacha mume wangu, naye alikuwa kambini. Niliutazama utosi wake, ule mstari mweupe kati ya mabutu. Akamaliza mkono mmoja akadai mwingine.

Maneno yalikuwa yamekwisha kutembea. Kisimani nilikuwa nimesikia wanawake wakisema, bila kuficha sana, kwamba Msambaa wa Athumani anamkwangua marehemu ukutani kwa kisu. Msafiri mmoja akayabeba hayo mpaka Kwamsisi, kwa ndugu wa Hadija, na kabla hatujamaliza ukuta wa nne nikasikia hodi, nikatoka na gunia langu linalochuruzika, nikamkuta mama mmoja mrefu, mwembamba, amebeba kikapu kichwani na vumbi la safari limempaka miguu mpaka magotini. Alikuwa Bi Mwanjaa, dada mkubwa wa Hadija. Alikuja sehemu kwa miguu, sehemu kwa lori, na mwisho kwa treni. Nilimwamkia, akaitikia akiwa ananitazama mikono. Kisha akatazama nyuma yangu, kupitia mlango wa jiko, kuta tatu zilizobaki lipu tupu.

"Hata masizi ya ndugu yangu yamekushinda kuyaacha?" akaniuliza.

Hakungoja jibu. Alikaa barazani, hakukubali kuingia upande ule wa nyumba. Nilimpelekea maji, nikampelekea chakula, akala kidogo kwa heshima ya nyumba ya shemeji yake. Zaina aliporudi shuleni alimkumbatia muda mrefu, wakaanza kuzungumza Kizigua, naye Bi Mwanjaa hakupunguza sauti kwa kuwa alijua mimi ni mtu wa milimani. Lakini Kisambaa chetu na Kizigua ni lugha zinazosikilizana, na kwenye kibanda changu, nikichambua kisamvu, nilisikia karibu yote. Alisema mtoto amekuwa mwali, na mwali huwekwa ndani na kufundwa na watu wa upande wa mama yake, na mama yake hayupo ila wao wapo. Alisema kule Kwamsisi watu wanapimiwa viwanja vya kijiji cha ujamaa, wao wamepata kiwanja kizuri karibu na barabara, kuna mikono michache na mashamba mengi. Shule haina haja tena, binti amekwisha kujua kusoma barua. Akishafundwa yupo kijana wa watu wema. Nilisubiri kusikia Zaina akijibu nini. Nikasikia tu mwanamke yule akilia taratibu na kusema kwamba kila akimtazama anamwona Hadija anavyosimama.

Nilitupa majani ya kisamvu na vijiti pamoja kwenye chungu. Hadi wakati ule nilikuwa nikijihesabu kama mgeni anayevumilia. Wazo la chumba kile kupakwa chokaa na kubaki bila mtu wake lilinikalia kifuani, nikajua kwamba sikuwa mgeni tena, na kwamba hakuna mtu atakayeniuliza.

Athumani alirudi Jumamosi. Tulikaa sebuleni, yeye na Bi Mwanjaa kwenye viti, mimi na Zaina chini kwenye mkeka, wavulana tuliwapeleka kwa Mama Bakari. Shemeji yake alieleza yote upya kwa Kiswahili, kwa utulivu, akimtaja marehemu kwa kila jambo. Alisema hakuja kugombana. Nyumba yenye mke mpya inaosha vya mke wa zamani, ndivyo ilivyo, hailaumu, ila damu yao wanaitaka isikae mahali inapooshwa. Athumani alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Alikuwa amempenda Hadija, na mbele ya dada yake alikuwa kama mdaiwa. Alisema anaitaka shule kwa binti yake, lakini alisema akitazama sakafu, na nilimwona anavyozama. Ningeweza kusema neno. Sikuwa na cheo cha kulisema.

Zaina ndiye aliyezungumza. Alimwomba radhi baba yake kwanza, na mama mkubwa wake, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu. Ilikuwa imechubuka kama yangu.

"Mama mkubwa, ukuta nimeukwangua mimi," akasema. "Mama aliuonea aibu. Alinunua magadi kwa ajili yake, tuuoshe pamoja. Sikupata wa kuuosha naye mpaka alipokuja huyu."

Bi Mwanjaa alitaka kusema, lakini binti alikuwa hajamaliza. Alisema kufundwa anataka, na anataka afundwe na yeye, kwa sababu hakuna mwingine mwenye sauti ya mama yake. Ila asiende Kwamsisi.

"Shule zinafungwa karibuni. Nifunde humu humu, jikoni kwa mama. Zikifunguliwa nirudi darasani."

Treni ya mizigo ilipita na vikombe vikatetemeka kwenye kabati, na sote tulingoja ipite kama watu waliokubaliana. Bi Mwanjaa aliinuka, akavua ndala zake, akaenda mpaka mlango wa jiko. Alisimama pale. Kisha akaingia. Nilimfuata kwa mbali. Alipita kuta tatu akizigusa kwa ncha za vidole, akafika kwenye ule wa nne, nyuma ya mlango, ambao ulikuwa bado mweusi, akauwekea kiganja kizima. Alipokiondoa kilikuwa kimenata. Akakinusa. Akatuambia, bila kugeuka, kwamba Hadija tangu utotoni hakuwa anapenda uchafu, alikuwa akifagia hata njia ya kwenda mtoni, mama yao akimcheka. Akaniuliza maji ya moto yako wapi.

Ukuta wa nne aliuosha yeye, peke yake. Alijifunga kanga kifuani, akasugua kwa nguvu ambazo sikuzitegemea kwa mwili ule mwembamba, na alipokataa kusaidiwa tulikaa nje sote, Athumani naye, tukisikia singa zikienda na kurudi, na mara moja moja zikisimama. Jioni alitoka amelowa mpaka kichwani. Akala ugali wangu wote na mlenda, akaomba maji ya kunawa, akataka mimi ninawe kwanza.

Tuliacha ukuta ukauke vizuri, kisha tukapaka chokaa. Zaina alitaka rangi, na rangi hatukuwa nayo, basi tulitia bluu ya kufulia kwenye chokaa, tukakoroga, na chumba kikawa na rangi ya anga la asubuhi. Ilishika. Tuliamka kesho yake tukakimbilia kutazama, mimi na yeye, ikawa imekauka imara bila doa, ukiipitishia kiganja kinatoka na unga kidogo tu. Siku zile za likizo Bi Mwanjaa alikaa mle na mwali wake, dirisha limefunikwa kwa kanga. Mimi nilipika na kuacha chakula mlangoni. Niliwasikia wakiimba kwa Kizigua, wakinong'ona, mara wakicheka mpaka nikatamani nijue. Siku ya mwisho mlango ulifunguliwa nikaitwa ndani. Zaina alikuwa ameketi kwenye mkeka amepakwa mafuta, macho chini. Bi Mwanjaa alinikalisha upande wa pili, akaniambia yale ambayo mama wa mwali lazima ayajue, mengine yakanifanya nami niinamishe macho, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kufundwa juzijuzi tu. Halafu akauchukua mkono wa Zaina, akauweka katika wangu.

"Nilikuja kumchukua," akasema. "Sasa nakuachia."

Zaina alirudi shule. Alimaliza la saba, akaendelea, akawa mwalimu mpaka alipostaafu, na yule kijana wa watu wema wa Kwamsisi alioa mwingine na nasikia wameishi vizuri. Bi Mwanjaa alikuja kwetu kila mwaka mpaka miguu yake ilipomkatalia. Mimi nilizaa wanne baadaye, na wote wamelala katika chumba kile cha bluu kwa zamu. Lakini ninapoufikiria mwaka ule, sifiki mpaka huko. Ninaishia kwenye mvua za vuli.

Zilianza mchana mmoja, kwa kishindo, baada ya joto la siku nyingi. Nilikuwa naondoa nguo kwenye kamba, Zaina akaniita kutoka chumbani kwake, si kwa sauti kubwa. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, amefumba macho. Aliniambia nivute pumzi. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye lipu, na kutoka ndani kabisa ya ukuta, kule ambako magadi hayakufika, ilikuwa inatoka harufu. Ilikuwa hafifu, lakini haikuwa na shaka: kunde zilizosagwa, vitunguu, bizari, mafuta ya moto. Sikuwahi kula bajia za Hadija. Mate yalinijaa mdomoni. Juma alikuja amelowa kutoka nje, akasimama mlangoni, akavuta pumzi naye. Alikuwa akizikumbuka. Nyuma yake akaja Sefu, akapenya katikati ya miguu yetu, akatazama huku na huku akitafuta sufuria.

"Nani anakaanga?" akauliza.

"Mama," Zaina akamjibu.

Sefu aliniangalia mimi. Mikono yangu ilikuwa imejaa nguo mbichi. Akasema, mama si ndiye huyu hapa? Zaina akakaa kitandani, akampandisha mapajani, akasema mwingine, yule aliyekuzaa, kaa nikuambie. Juma akakaa sakafuni na maji yake. Niliona kwamba ni mambo yao, nikageuka niende nikazitandaze nguo sebuleni, na nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita.

"Kaa, mama mdogo. Na wewe sikiliza."

Niliziweka nguo chini, nikakaa, naye akaanza kutusimulia.